Mkato wa Kiingereza Haufuati Pumzi

Oicha, mji mkuu wa territoire ya Beni katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, uko kilomita 30 hivi kaskazini mwa mji wa Beni, kwenye barabara ya taifa namba 4. Hapo habari moja inaweza kupita katika lugha nne kabla haijafika inakokwenda. Mama anasimulia kwa Kinande yaliyompata shambani. Anayemsikiliza anaandika kwa Kiswahili, na huku anachomeka Kifaransa, maana shuleni alisomeshwa kwa Kifaransa. Ofisini ripoti inapangwa kwa Kifaransa kitupu. Halafu linaombwa toleo la Kiingereza, kwa kuwa mfadhili yuko London au Washington, au mnunuzi wa kakao yuko Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Huyo wa mwisho ndiye mwenye kuamua juu ya dawa, maharagwe au malipo, na hajapata kumwona mama huyo. Ana karatasi tu mkononi.

Kiingereza chenyewe si mgeni Oicha. Daktari Carl Becker, Mmarekani wa misheni ya Africa Inland Mission, alitibu watu hapo tangu miaka ya 1930 hadi vita vya Simba vya mwaka 1964. Mjini Beni, chuo kikuu cha UCBC kinafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza tangu mwaka 2007. Congo nayo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na karatasi nyingi za jumuiya hiyo ni za Kiingereza. Kwa hiyo vijana wanaoweza kutunga sentensi za Kiingereza wapo, na maneno wanayo. Kinachowasumbua ni kile kidude ambacho shuleni tulikiita virgule, yaani mkato. Utiwe mara ngapi? Wapi uachwe?

Tazama sentensi hii, isiyo na mkato hata mmoja:

"When the soldiers left the village people came back to their fields."

Ukitia mkato baada ya "left", wanajeshi wameondoka, na waliorudi mashambani ni watu wa kijiji chenyewe. Ukiusogeza maneno mawili mbele, ukautia baada ya "village", wanajeshi wameondoka kijijini, na waliorudi ni watu tu, wa kijiji hicho au wa kwingine, haijulikani. Kwa afisa anayetaka kujua kama wenyeji wamerudi kwao, ili aamue mbegu zipelekwe wapi, hizo ni habari mbili mbalimbali. Na aliyeandika bila mkato hakusema hata moja kati ya hizo mbili.

Basi msimamo wangu ni huu: katika Kiingereza, mkato unatiwa kwa ajili ya maana. Wengi walifundishwa kwamba unatiwa pale msomaji anapovuta pumzi. Fundisho hilo linamfaa anayesoma Biblia kwa sauti mbele ya waumini. Anayeandika ripoti linamponza, kwa sababu mapafu ya watu hayalingani, na sentensi ndefu humfanya mtu atie mkato mahali ambapo sarufi haiukubali. Waingereza wenyewe waliwahi kuitia kwa wingi. Fungua kitabu chao cha karne ya 18 utaona mikato imejaa ukurasa mzima. Lakini mwaka 1906 ndugu wawili wa ukoo wa Fowler, katika kitabu chao The King's English, walikuwa tayari wanawakemea waandishi wanaozidisha, na tangu hapo mwelekeo umekuwa wa kupunguza. Jarida la The New Yorker la Marekani bado linajulikana kwa kuitia mingi. Wewe huandikii The New Yorker. Tia michache, ila kuna mahali ambapo huo mmoja haukosekani.

Mikato ya kufuta

Wa kwanza kufutwa ni ule unaokaa kati ya kiima na kitenzi chake. "The women who sell cassava flour near the hospital, are asking for a roof." Mwandishi amefika "hospital", pumzi imemwishia, akatia mkato. Lakini wanawake hao ndio wanaoomba paa, na mkato umewatenga na ombi lao. Kiima kiwe na maneno mawili au ishirini, mkato hauingii hapo. Ukiona kiima kimekuwa kirefu hata kinakuchosha mwenyewe, kikate kiwe sentensi mbili.

Wa pili ni ule unaotiwa baada ya "that". "The chief said that, the meeting was postponed." Kosa hili limeenea Afrika Mashariki nzima, kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam, na asili yake naiona katika Kiswahili chetu, ambamo watu wengi huandika "kwamba" wakatia mkato papo hapo. Kifaransa hakikuruhusu kufanya hivyo baada ya "que", wala Kiingereza baada ya "that". Futa bila kufikiri.

Kuna pia mkato kati ya vitenzi viwili vya mtu mmoja: "The driver checked the tyres, and left for Eringeti." Dereva ni yule yule, kwa hiyo mkato hauna kazi. Uondoe. Usipouondoa, hakuna atakayepotea njia.

Nukta iliyokosekana

Kosa linalomtambulisha upesi mtu aliyesoma kwa Kifaransa na anayefikiri kwa Kiswahili ni la kuunga sentensi mbili kamili kwa mkato mtupu: "The rain was heavy, the truck got stuck at Mbau." Kifaransa hulivumilia mara nyingi. Kiswahili nacho kinatuzoeza vibaya, kwa sababu kina kiungo ndani ya kitenzi: mvua ilikuwa kubwa, lori likakwama. Ile "-ka-" imekwisha kufanya kazi ya kuunga, na mkato unapumzika tu. Kiingereza hakina "-ka-". Ukitafsiri neno kwa neno, kiungo kinabaki kwenye Kiswahili, na Kiingereza kinabaki na vipande viwili vilivyoegemeana bila msumari.

Dawa ziko tatu, na zote ni rahisi. Tia nukta: "The rain was heavy. The truck got stuck at Mbau." Au tia mkato pamoja na kiunganishi: "The rain was heavy, so the truck got stuck at Mbau." Au nukta mkato, kama unaiweza vizuri. Ningekuwa mwalimu wako ningekushauri nukta, kwa kuwa ripoti ya sentensi fupi haimchoshi mtu, na sentensi fupi haina nafasi ya kukosea mikato.

Jihadhari na "however", "therefore", "moreover" na ndugu zao. Yanafanana kwa maana na "but" na "so", lakini hayana nguvu ya kuunga. "The road was open, however the trucks did not leave" ni sentensi mbili zilizogongana. Andika: "The road was open. However, the trucks did not leave." Nukta mbele ya "however", mkato nyuma yake. Kama unaona usumbufu, tumia "but": "The road was open, but the trucks did not leave." Neno dogo, na halina masharti mengi.

Nani aliyepata maharagwe?

Hapa natulia kidogo, kwa sababu hapa mkato unahesabu watu.

"The families who had fled Mbau received beans."

"The families, who had fled Mbau, received beans."

Ya kwanza inasema kuna familia za aina mbalimbali, na zilizopata maharagwe ni zile tu zilizokimbia Mbau. Ya pili inasema familia zote zinazozungumzwa zilikimbia Mbau, na zote zimepata. Tuseme orodha ina familia 400, na kati ya hizo 150 zimetoka Mbau. Sentensi ya kwanza imelisha 150, ya pili imelisha 400. Maneno ni yale yale, herufi ni zile zile. Mwezi unaofuata mkaguzi akija kulinganisha ripoti na stoo, mjadala wote utatokana na alama mbili ambazo mtu alizitia au hakuzitia saa tano usiku huku jenereta ikikaribia kuzimwa.

Aliyesoma sekondari ya Congo ana bahati hapa, maana amekwisha kufundishwa jambo hili kwa Kifaransa: kuna relative déterminative, isiyotengwa kwa mkato, na kuna relative explicative, inayotengwa. Kanuni ya Kiingereza ni hiyo hiyo. Huna haja ya kujifunza upya, unahitaji kukumbuka tu kwamba ulilolijua darasani linakuhusu hata kwenye karatasi ya Kiingereza. Kwa vitu, Waamerika wanapenda "that" pasipo mkato na "which" pamoja na mkato, nawe ukifuata mtindo huo hakuna atakayekulaumu.

Lakini mimi siamini kwamba hesabu ya watu ikabidhiwe mkato peke yake. Msomaji wa haraka anauruka, mashine ya kunakili inaufuta, na mwenzako anayenyoosha ripoti anaweza kuuondoa akidhani anasaidia. Tumia neno linalosimama lenyewe: "Only the families who had fled Mbau received beans." Au: "All the families had fled Mbau. They received beans." Maneno "only" na "all" hayadondoki kama mkato, na hayahitaji msomaji aliyesomea sarufi.

Kuna jambo jingine la ukoo huu, na Wanande wanalielewa haraka. Katika Kiingereza, "her brother Kambale lives in Butembo" huacha wazi idadi ya kaka zake. Ukitia mikato miwili, "her brother, Kambale, lives in Butembo", umesema kaka anaye mmoja tu, na jina umelitaja kama nyongeza. Sasa mtu yeyote wa Beni au Butembo anajua kwamba Kambale ni jina la mtoto wa kiume wa pili. Mbele yake alizaliwa Paluku au Mumbere. Kwa hiyo mikato hiyo inamwambia msomaji wa Kiingereza jambo ambalo jina lenyewe linalitilia shaka. Katika faili la mtoto aliyepotezana na jamaa zake, ambapo mtu anatafuta ndugu waliobaki, mikato hiyo inaweza kumfanya aache kutafuta mapema.

Mikato ya aina hii hutembea miwili miwili. Ukiufungua lazima uufunge. "Oicha, the main town of Beni territory lies on the national road" imefunguliwa ikaachwa wazi. Baada ya "territory" pia panahitaji mkato. Kipimo ni kutoa kilicho kati ya mikato: kikitoka na sentensi ikabaki nzima, "Oicha lies on the national road", mikato iko mahali pake.

"Not" na "because"

Mtego mwingine uko kwenye kukanusha kunakofuatwa na sababu. "The trucks did not stop at Eringeti because of the rain." Je, malori hayakusimama, na sababu ni mvua? Au yalisimama, ila kwa sababu nyingine isiyo mvua? Kiingereza kinaruhusu zote mbili. Kwa kawaida "because" haihitaji mkato mbele yake, lakini baada ya "not" mkato husaidia: "The trucks did not stop at Eringeti, because of the rain", hapo ni wazi hayakusimama. Hata hivyo sentensi bora ni ile iliyogeuzwa: "Because of the rain, the trucks did not stop at Eringeti." Katika ripoti ya usalama, ambapo swali ni nani alisimama wapi na kwa nini, geuza kila mara.

Orodha

Wanaopenda kubishana juu ya mikato hubishana zaidi juu ya ule unaokaa kabla ya "and" ya mwisho katika orodha. Oxford University Press wanautia, magazeti mengi ya Uingereza hayautii. Mwaka 2020, Uingereza ilipotoa sarafu ya peni 50 ya kuadhimisha kutoka Umoja wa Ulaya, mwandishi Philip Pullman aliikataa hadharani kwa kuwa orodha ya maneno yaliyochongwa juu yake haikuwa na mkato huo. Hayo ni ya wenye nafasi. Lakini kuna kesi ya kweli. Katika jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo iliorodhesha kazi zisizolipwa saa za ziada, na mwishoni ikataja kufunga bidhaa kwa ajili ya kusafirisha "or distribution", bila mkato mbele ya "or". Madereva wakasema: sisi tunasambaza, hatufungi, na sheria inataja kufunga tu. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa iliona sheria haieleweki, ikawapa madereva haki. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5. Baada ya hukumu ya mwaka 2017 jimbo liliiandika upya sheria hiyo, likatenganisha kazi kwa nukta mkato.

Ushauri wangu ni kuutia mkato huo daima, ila usidhani umemaliza matatizo. "We thank our guide, the chief of Mbau, and the nurse." Watu watatu, au wawili ambapo chifu mwenyewe ndiye aliyekuongoza? Mkato wa Oxford hapa ndio unaoleta utata. Badili mpangilio: "We thank the chief of Mbau, the nurse, and our guide." Cheo cha jumla kikikaa mwisho, hakuna jina linalokifuata ambalo lingedhaniwa kuwa maelezo yake.

Vivumishi havinipi taabu. "A long, dangerous road" inapokea mkato kwa sababu ungeweza kuweka "and" kati yake; "a big red truck" haipokei kwa sababu usingeweza. Ukikosea hapo hakuna atakayelala njaa.

Tarakimu, mahali pa hatari

Yote yaliyotangulia ni madogo mbele ya hili. Kwa Kifaransa, na kwa shule zetu zote, mkato hutenga sehemu za desimali: 2,5 ni mbili na nusu. Kwa Kiingereza mkato hutenga maelfu, na desimali hutengwa kwa nukta. Alama zimebadilishana kazi kabisa. Na Kiswahili chenyewe kimegawanyika: Arusha wataandika shilingi 1,250, Butembo wataandika franka 1.250, na wote wanasema elfu moja mia mbili na hamsini.

Chukua Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na uliopita Mangina, Beni, Oicha na Butembo, ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umehesabiwa wagonjwa 3470 na vifo 2287. Katika gazeti la Kiingereza idadi ya kwanza huandikwa "3,470". Mwenye jicho la Kifaransa akiisoma bila kujua habari, anaona tatu na nusu kasoro kidogo. Kwa Ebola haiwezekani, kwa kuwa mgonjwa hakatwi vipande, hivyo akili inamrekebisha. Kwa kakao akili haiwezi kumrekebisha. Mwenye stoo Oicha akiandika "2,350 tonnes" kwa maana ya tani mbili na kilo 350, mnunuzi wa Kampala anasoma tani elfu mbili mia tatu na hamsini. Mnunuzi akijibu "1,250 kg" kwa maana ya zaidi ya tani moja, huku inasomeka kilo moja na robo. Kwa dozi ya dawa sitaki hata kutoa mfano.

Wataalamu wa vipimo wa dunia walikwisha kulitolea neno. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa 22, mwaka 2003, uliamua kwamba alama ya desimali iwe nukta au mkato, lakini maelfu yasitengwe kwa nukta wala kwa mkato; yatengwe kwa nafasi tupu. Tumia uamuzi huo. Tarakimu nne ziandike pamoja, 3470. Kuanzia tarakimu tano weka nafasi, 12 500, na katika programu ya Word bonyeza Ctrl, Shift na kitufe cha nafasi kwa pamoja ili namba isikatike mwisho wa mstari. Katika karatasi ya Kiingereza desimali iwe na nukta. Na uepuke kabisa desimali yenye tarakimu tatu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayofanana na maelfu: badala ya tani 2.350 andika kilo 2350. Badilisha kipimo, desimali itaondoka yenyewe. Kwenye mkataba, rudia kiasi kwa maneno.

Jedwali la Excel lina visa vyake. Kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa husoma 2,5 kama namba. Iliyopangwa kwa Kiingereza huweza kuiona kama maneno na isiijumlishe, na hakuna onyo linalotokea. Mbaya zaidi ni faili la CSV linalotolewa na simu za ukusanyaji takwimu. Faili hilo kwa kawaida hutenga safu kwa mkato, kwa hiyo 2,5 isiyofungwa kwa alama za kunukuu inagawanyika safu mbili, na kila kitu kilicho kulia kinasogea hatua moja. Ukiona umri wa mtoto umekaa chini ya jina la kijiji, tafuta mkato.

Na kama sentensi inaleta mwaka na idadi pamoja, "In 2019, 312 patients were received", mkato ni lazima na bado macho yanachanganyikiwa. Igeuze: "The centre received 312 patients in 2019."

Karatasi ya lugha mbili

Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ya Canada iliamua mgogoro kati ya kampuni za Rogers na Aliant juu ya mkataba wa kutumia nguzo. Mkataba ulisema utadumu miaka mitano, kisha miaka mitano mingine mfululizo, isipokuwa upande mmoja ukitoa notisi ya mwaka. Mkato uliokaa kabla ya masharti ya notisi uliifanya mamlaka ione kwamba notisi inaweza kutolewa wakati wowote, hata ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Zaidi ya dola milioni moja za Canada zilikuwa hatarini. Rogers wakarudi wakiwa na toleo la Kifaransa la mkataba huo, ambamo maana ilikuwa wazi, na mwaka 2007 uamuzi ukabadilishwa kwa upande wao.

Hilo ni fundisho la moja kwa moja kwa Beni na Oicha. Usilitupe toleo la Kifaransa baada ya kutafsiri. Litume pamoja na la Kiingereza, na katika mkataba useme lipi litafuatwa zikitofautiana. Tena utafsiri ukiwa umeweka karatasi zote mbili mbele yako, sentensi kwa sentensi, ukiuliza kila mkato wa Kifaransa kama bado una kazi upande wa pili. Mingi haina.

Ripoti ikiwa tayari, ipitie kwanza ukitazama tarakimu tu, bila kusoma maneno. Kisha tafuta kila "who" na "which", ujiulize ni watu wote au baadhi. Halafu mpe mwenzako ambaye hakuiandika, mwulize maswali ya hesabu: familia ngapi zilipata, nani alirudi, lori lilisimama? Jibu lake likitofautiana na lile ulilokusudia, usimweleze kwa mdomo. Mfadhili hatakuwa na wewe pembeni wa kumweleza. Andika sentensi upya.

Na ninyi mnaoongoza mashirika na vyama vya wakulima: kazi hii mnamwachia kijana mmoja usiku wa kuamkia siku ya mwisho, kwa sababu eti yeye anajua Kiingereza. Mpeni nusu siku na msomaji wa pili, na msomaji huyo awe mtu aliyekuwepo kijijini, aliyeyasikia kwa masikio yake yaliyosemwa kwa Kinande.